Waliokwenda kwa Fundi Kasimu

Claudine, muuguzi aliyekalia kiti changu, ameniomba niandike kidogo kuhusu kazi ya kuwasaidia wafanyakazi kuacha sigara kule machimboni, kwa ajili ya wauguzi vijana watakaopanda mlima baada yake. Nadhani alitaka hatua: anza na hiki, fuata na kile. Hatua zimo kwenye kitabu cha kampuni, na nyingi niliziandika mwenyewe. Hapa nitaandika yaliyobaki, na mengi yake yananihusu mimi na wivu wangu. Asiyependa habari za mtu mzima mwenye wivu akasome kitabu.

Naitwa Daforoza. Nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko, ndiyo maana nikifungua mdomo Kigali watu huniuliza kama mimi ni Mtanzania. Uuguzi nilisomea huko huko. Tulipohamia Kigali nilianza kazi kwenye zahanati moja ya Muhima, chini ya muuguzi mkuu aliyeitwa Konsolata, mwanamke mfupi aliyevaa sweta hata wakati wa jua kali. Siku ya kwanza alinisikia nikimwambia muuza nguo mmoja kwamba sigara zitamuua. Alingoja yule mtu atoke.

"Umemwambia jambo asilolijua?"

"Hapana, mama."

"Basi umempotezea muda, na mimi umenipotezea foleni. Siku nyingine muulize ile ya kwanza ya asubuhi anaivutia wapi, na nani yuko karibu naye."

Niliandika maneno hayo kwenye karatasi, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia wengine kama ya kwangu. Konsolata ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo leo namrudishia.

Kampuni ya ujenzi iliniajiri niwe muuguzi wa machimbo ya mawe. Machimbo yako mbali, milimani upande wa magharibi. Lami inaisha, halafu barabara ya vumbi inaisha, halafu inabaki njia ambayo dereva anaijua na abiria wanafumba macho. Wafanyakazi wanakaa kambini wiki mbili, wanashuka Kigali kwa siku chache, wanapanda tena. Kliniki yangu ilikuwa nusu ya kontena. Nusu nyingine ilikuwa stoo ya mabuti na kofia ngumu, na harufu ya mpira ilikuwa inaingia hadi kwenye bandeji.

Siku zile za kwanza nilitoa vipande vya mawe machoni, nikafunga vidole, nikatoa dawa za malaria. Baada ya wiki moja nikaanza kusikiliza kikohozi. Asubuhi, kabla mashine ya kusaga mawe haijawashwa, kambi nzima ilikuwa inakohoa. Vumbi la kokoto linatosha kumharibu mtu, na hawa wakilitoa kifuani walikuwa wanaweka moshi mahali pake. Ukiwauliza watakwambia: baridi, kuwa mbali na nyumbani, hakuna kingine cha kufanya. Yote ni kweli.

Daktari wa kampuni, aliyekuwa Kigali, aliniambia nianzishe huduma ya kuacha sigara. Alinitumia boksi. Ndani mlikuwa na shikareti, yaani chingamu, za nikotini za kutafuna, picha kubwa ya mapafu, na kifaa kidogo cha kupulizia ambacho kinaonyesha namba: kadiri ulivyovuta sigara, ndivyo namba inavyopanda. Kifaa hicho nawaambieni mkitunze. Mtu anaweza kukudanganya wewe, anaweza kumdanganya mke wake, lakini akipuliza pale namba inatoka. Betri zake haziipendi baridi. Zilaze ndani ya soksi.

Hotuba yangu ya kwanza niliitoa bwaloni wakati wa chakula cha mchana. Nilitundika picha: mapafu mekundu upande huu, meusi upande ule. Nikaeleza. Mfanyakazi mmoja akanyoosha mkono kwa heshima.

"Muganga, huyu wa mapafu nyeusi, alikufa?"

Wafanyakazi wote waliniita Muganga, kama Wanyarwanda wanavyomwita daktari. "Alikufa," nikasema.

"Na huyu wa nyekundu?"

Niliitazama picha. Mapafu yalikuwa yametolewa, yamewekwa juu ya meza.

"Naye alikufa."

Bwalo lilicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuona kuna nini. Picha niliitoa, sikuitundika tena.

Nilifanya kazi hiyo kwa miaka mitano kabla ya haya ninayoyasimulia. Nilikuwa na daftari la majina, na wachache kweli waliacha. Wengine waliacha kwa miezi, wakashuka kwenye harusi, wakarudi wananuka moshi. Aliyenisumbua zaidi alikuwa Bosco, mwendesha mashine ya kusaga mawe, jirani yangu huku Kagugu, mtaa wa Kigali. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Nilimfuatilia miaka miwili. Nilimpa shikareti, akazitafuna huku sigara iko sikioni. Nilimuuliza maswali ya Konsolata yote. Alijibu kwa adabu, akasema asante, akaenda kuvuta. Mke wake, Esperansi, alikuwa ananipigia simu kila mwisho wa mwezi: "Mama Daforoza, mume wangu iko namna gani?" Na mimi nilikuwa nasema, tunaendelea naye.

Ndipo akaja Kasimu.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, Mwislamu wa Kigoma, aliyeishi Kigali miaka mingi akifanya kazi kwenye karakana za Gisozi. Alikuwa wa umri wangu au chini kidogo, mrefu, mikono imejaa alama za cheche. Kampuni ilimleta kukarabati mikanda ya mashine na chuti, ile mifereji ya chuma ya kumwagia mawe. Alikuja kliniki mara moja tu mwanzoni, macho yamevimba kwa mwanga wa kuchomelea. Nilimwekea dawa, na kwa kuwa alikuwa ananuka sigara nikampa karatasi yangu ya maelezo.

"Ahsante sista," akasema, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. "Lakini nikuambie ukweli, karatasi nimeshazisoma nyingi."

Nilimwona mtu wa dharau. Nikaandika jina lake kwenye daftari, pembeni nikaweka alama yangu ya watu wasiotaka.

Mapumziko ya asubuhi yalikuwa saa nne. Kwa kawaida saa nne wanaume walikuwa wanasimama nyuma ya bwalo na kuvuta. Wiki chache baada ya Kasimu kufika, nilianza kuwaona wakipita mlangoni kwangu kwenda banda la kuchomelea. Kwanza Bosco. Kisha dereva wa lori. Kisha watatu, kisha saba. Walikuwa wanakaa juu ya vyuma virefu, Kasimu katikati, wanakunywa chai ya tangawizi, wanaongea, wanacheka. Na hakukuwa na moshi. Nilitazama kwa makini kutoka dirishani kwangu siku baada ya siku, hakukuwa na moshi hata kidogo.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilianza kusafisha dirisha kila siku saa nne kamili.

Nikaanza kuwaita kwa ajili ya kupuliza. Dereva wa lori alipuliza, namba ikawa ndogo kama ya mtoto mchanga. "Umetumia shikareti zangu?" nikamuuliza. "Oya, Muganga, hapana. Niko naenda kwa fundi." Alilisema kama mtu anayesema anakwenda misa. Wa pili alisema vivyo hivyo. Wa tatu akasema, "Fundi anaongea vizuri." Nilimuuliza anaongea nini. Akafikiri. "Sijui, Muganga. Haongei sana."

Mwisho wa mwezi Esperansi akanipigia. Alikuwa analia.

"Mama! Bosco ameacha! Amekuja nyumbani siku ine nzima, hakuna hata moja, hata nguo hainuki. Imana iguhe umugisha, Mungu akubariki, mama. Miaka mbili hukumuachilia. Nimewambia watu wa jumuiya yetu wote, ni wewe."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: si mimi, ni fundi Kasimu. Sentensi fupi tu. Nilisema, "Tumshukuru Mungu." Jumapili kanisani wanawake wawili walinishika mkono na kunipongeza, nami nikawaachia mkono waushike. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira yenyewe nilikuwa namwelekezea Kasimu, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameniibia kitu, wakati mwenye cha mtu mkononi nilikuwa mimi.

Niliporudi kambini wivu ulikuwa umenikaa kama mafua. Chochote alichofanya yule mtu kilinikera: kicheko chake, birika lake la chai, namna alivyokuwa anafuta viatu kabla ya kuingia bwaloni. Nilijiambia nina wasiwasi kwa sababu hana mafunzo. Nilijiambia wataanguka wote siku moja, na nitaachiwa mimi niwaokote. Nakiri kwamba nilikuwa naisubiri siku hiyo.

Jioni moja, saa kumi na moja hivi, mashine zimezimwa, nilikuwa nazunguka kuangalia masanduku ya huduma ya kwanza. Nilipopita nyuma ya banda la kuchomelea nilimwona Kasimu amekaa juu ya jiwe, peke yake, ametazama bonde. Mkononi alikuwa na sigara. Aliivuta polepole, kwa macho yaliyofumbwa, kama mtu anayekula chakula cha mwisho sahanini.

Nilirudi nyuma kimya. Kliniki nilifunga mlango, nikakaa kwenye kitanda cha wagonjwa, na furaha niliyoisikia siwezi kuilinganisha na kitu. Nilitoa ubuyu niliokuwa nimeutunza, nikala wote.

Kuna jambo hapa lazima nilieleze sawasawa. Kwenye machimbo kuna sheria: atakayevuta sigara karibu na mitungi ya gesi anashuka mlima siku hiyo hiyo. Mitungi ya banda la kuchomelea ilikuwa mbele. Jiwe alilokalia Kasimu lilikuwa nyuma, mbali, upande wa bondeni, ambako watu walikuwa wameruhusiwa kuvuta. Nilijua hivyo. Ramani ya usalama nilikuwa nimeibandika mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata, kwenye kikao cha usalama, wafanyakazi wote wamesimama kwa mistari, Injinia Mutua aliuliza kama kuna neno. Injinia alikuwa Mkenya, msimamizi wa machimbo, mtu wa haki lakini wa haraka. Nilinyoosha mkono.

"Jana jioni," nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "nimemkuta fundi Kasimu anavuta sigara kwenye banda la kuchomelea. Nyuma yake. Yeye ambaye anawafundisha wenzake kuacha."

Sikutaja mitungi. Injinia aliitaja mwenyewe.

"Kwenye banda? Na ile mitungi yote? Kasimu, hii maneno ni ya kweli? Ulivuta?"

"Nilivuta," Kasimu akasema. Alikuwa ananitazama mimi. Alinitazama kwa muda wa kutosha kunipa nafasi ya kuongeza neno. Sikuongeza.

Nilikuwa nimetegemea mnong'ono, aibu, watu kumgeukia. Hakuna aliyegeuka. Bosco alitoka kwenye mstari.

"Tunajua, Muganga."

"Mnajua nini?"

"Ile ya jioni. Sisi wote tunajua. Iko anavuta moja, saa kumi na moja, pale kwenye jiwe. Alifika hapa na pakiti mbili ku siku. Akaniambia, Bosco, mimi peke yangu siwezi, munisaidie. Basi tukamulinda. Kila siku mutu moja anamulinda. Na yule anamulinda, yeye hawezi kuvuta, sababu akivuta, fundi naye ana ruhusa ya kuvuta." Alisimama avute pumzi. "Tulimushusha mupaka moja, Muganga. Ilikuwa imebaki ile moja tu."

Miaka mitano mimi niliwaambia wanaume wale: njooni niwasaidie. Yule alifika akawaambia: nisaidieni.

Injinia alifuata sheria kama alivyoielewa. Lori la kokoto lililokuwa linashuka Kigali saa tatu lilimchukua Kasimu na sanduku lake. Alipopita kliniki hakuniangalia. Wenzake walisimama kando ya njia, na dereva, aliyekuwa mmoja wao, alipiga honi mpaka lori likapotea kwenye ukungu.

Baada ya hapo nilipata nilichokuwa nakitaka, yaani hakuna mtu tena aliyepita mlangoni kwangu kwenda kwa Kasimu. Hawakuja kwangu pia. Walirudi nyuma ya bwalo. Wiki ya kwanza walikuwa wawili, wiki ya pili walikuwa kama zamani. Aliyeumwa kichwa aliomba dawa kwa mpishi. Bosco alishikilia siku kumi. Siku ya kumi na moja alikuja kliniki mwenyewe, bila kuitwa, akachukua kifaa mezani, akapuliza, akanionyesha namba.

"Bosco," nikasema, "kwa nini?"

"Sasa nimulinde nani?"

Akaweka kifaa chini taratibu, hakukitupa, akatoka. Nilikaa pale mpaka chakula cha mchana kikapita. Nilimfikiria Esperansi na simu yake ya mwisho wa mwezi.

Mchana ule nilikwenda ofisini kwa Injinia Mutua na kumweleza lile jiwe liko wapi. Nilichukua ramani ya usalama ukutani nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama ramani, akanitazama mimi.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Na ulininyamazia nikamfukuza mtu."

"Ndiyo."

Alisema mambo ambayo sitayaandika, na yote yalikuwa haki yangu. Akaniandikia barua ya onyo, ninayo mpaka leo. Akasema fundi anaweza kurudi akitaka, na kwamba mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia. "Sio kwa simu," akasema. "Enda ukamwangalie usoni."

Nikashuka mwisho wa wiki. Kutoka Kagugu hadi Gisozi si mbali, nilichukua pikipiki. Karakana za Gisozi zimepandana mlimani, maseremala juu na vumbi lao la mbao, wachomeleaji chini. Nilimkuta Kasimu anachomelea geti. Aliniona, akashusha kinyago usoni, akaendelea. Nilisimama nimegeuza uso nisiumizwe na mwanga, karibu saa nzima. Alimaliza upande mmoja wa geti, akaanza wa pili. Hakunipa kiti. Sikustahili kiti.

Mwishowe akavua kinyago, akatoa pakiti, akawasha.

"Ya ngapi hiyo leo?" Mazoea ya kazi yaliuliza kabla sijayazuia.

"Usinihesabie, sista."

"Nimemwambia injinia ukweli. Anasema urudi."

"Sirudi. Nilisimamishwa mbele ya watu kama mwizi. Pale sirudi." Akapuliza moshi pembeni, mbali na uso wangu, na adabu hiyo iliniuma zaidi. "Nilikukosea nini? Nimejiuliza sana. Uliniwekea dawa ya macho, nikakushukuru. Nilikukosea nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu usalama kazini. Niliyaacha.

"Walikuwa wanakuja kwako."

"Nani?"

"Wote. Bosco. Mimi nilikuwa pale miaka mitano, nina vyeti, nina vifaa. Walikuwa wanapita mlangoni pangu kuja kwako. Mke wa Bosco akanishukuru mimi, nikanyamaza. Nilikuonea wivu, Kasimu. Nilivyokuona na ile sigara nilifurahi."

Alinitazama. Sikuona huruma kwenye uso wake, na sikuwa nimeitarajia.

"Wallahi," akasema. "Kumbe ni hicho tu."

"Ni hicho tu."

"Ningejua ningekuita unywe chai."

Fundi mwingine alikuja kuazima koleo, akaondoka.

"Nikusaidie nini?" nikauliza.

"Wewe? Wewe huna cha kunisaidia." Akaitazama sigara. "Mimi nataka saa nne yangu. Hapa Gisozi saa nne ikifika kila mtu ana kazi yake, na mimi nina pakiti. Kule mlimani saa nne ilikuwa na watu."

Simu kule machimboni haishiki mahali popote, isipokuwa kando ya tangi la maji, ukisimama upande wa juu. Jumatatu nilipanda na simu ya kliniki, namba ya Kasimu imo ndani, naye ameahidi kusubiri saa nne. Saa nne kasorobo nilikwenda kwa Bosco kwenye mashine, nikampa ile simu mkononi, nikamwambia fundi anasubiri. Alidhani namtania. Kisha akazima mashine na kukimbia, buti zikipiga kokoto, na wawili waliomwona wakamfuata.

Waliiweka simu juu ya tangi, sauti imefunguliwa. "Fundi!" Bosco akapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Leo ni mimi nakulinda! Umevuta ngapi?"

"Tisa," simu ikasema.

"Tisa! Na mimi nimevuta kumi. Basi kesho wewe nane, mimi nane. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Hivyo ndivyo ilivyoendelea, kila asubuhi ya kazi, kando ya tangi. Walioongezeka waliongezeka. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha simu ina chaji. Nilitamani sana kusema kitu, kwa sababu nilikuwa najua mengi, na siku ya tatu nikajaribu. Bosco akanigeukia.

"Muganga, ngoja zamu yako."

"Nina zamu?"

"Kila mutu yuko hapa ana zamu."

Ilizunguka hadi ikanifikia. Kila mmoja alikuwa anasema tangu jana amevuta ngapi. Mimi sijawahi kuvuta sigara maishani. Wanaume wale wakanitazama.

"Tangu jana," nikasema, "nimeona wivu mara mbili."

Hakuna aliyecheka. Kutoka kwenye simu nikasikia sauti ya nyundo za Gisozi, kisha ya Kasimu.

"Na juzi zilikuwa ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Anza kuhesabu."

Ilichukua miezi mingi kuliko kitabu kinavyosema. Hesabu ya Kasimu ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Alipofiwa na kaka yake alirudi kwenye pakiti nzima, na Bosco, aliyekuwa na wiki tatu safi, alikaa kando ya tangi akimbembeleza kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na mwisho kwa kunyamaza naye tu. Siku ile Bosco hakuvuta. Esperansi nilikwenda nyumbani kwake mwenyewe na kumwambia ni nani aliyemsaidia mume wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa chai, na tangu hapo simu zake za mwisho wa mwezi zimekuwa fupi kidogo. Nimezizoea.

Na mimi nilihesabu. Kuna wiki zilizokuwa safi. Kuna wiki ambazo dereva alikuwa anaongea na simu ile kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu, na nikaifunga siku nikiwa na wivu mara tano, sita.

Wauguzi wadogo zangu, nimewaahidi ukweli, basi huu hapa jinsi ulivyoisha. Kasimu alikuwa amebaki tena na ile moja ya jioni, na hakuna aliyemuuliza tena hesabu. Aliiacha wakati mimi niko likizo ndefu, nyumbani Kagugu. Kutoka karakana yake mpaka mlangoni kwangu ni dakika chache za pikipiki. Alizikaa siku arobaini bila hata moja, ndipo akaona sasa anaweza kusema. Alimpigia Bosco mlimani. Bosco akawaambia wawili aliokuwa nao kando ya tangi. Mimi nilirudi kambini sijui kitu, na niliambiwa na mpishi, mtu ambaye hajawahi kuvuta wala kumlinda mvutaji, huku ananitilia maharage.

"Muganga, umesikia? Fundi Kasimu amemaliza! Siku alobaini!"

Nilimshukuru, nikabeba sahani yangu hadi mezani, nikakaa. Niliumia kwanza. Furaha ilikuja baadaye, maharage yakiwa yamefika nusu, na ilipokuja ilinijaa mpaka nikaweka kijiko chini. Lakini niliumia kwanza, na sitawadanganya kuhusu kipi kilitangulia.